Mtani Kaomba Penalti

Emori alikuwa na miaka thelathini na tano, goti moja zima na jingine la kubembeleza, na huu ulikuwa msimu wake wa kumi na saba katika ligi ya daraja la pili. Kumi na saba. Kuna watu wamezaliwa, wakabatizwa, wakasoma, wakapewa leseni ya trekta, na Emori yuko pale pale, anaifungia Vunisei mabao ambayo hayajawahi kusomwa redioni, maana redio ya taifa inatangaza ligi kuu tu. Huku chini ukifunga bao, mtangazaji wako ni mama muuza mahindi ya kuchemsha, naye anamtangazia yule mmoja ambaye hakuliona kwa sababu alikuwa ameinama kupuliza hindi lake.

Mara mbili Vunisei ilikaribia kupanda. Mara ya kwanza iliikosa nafasi kwa bao moja, tena la kujifunga. Mara ya pili ilikuwa inaongoza kwa pointi tano, kikaja kimbunga kikabeba magoli yote mawili ya uwanja, nguzo na nyavu, na msimu ukafutwa. Goli moja lilionekana baada ya wiki mbili, limekaa wima katikati ya shamba la miwa kana kwamba linasubiri timu. La pili halijarudi mpaka leo.

"Safari hii ndiyo ya mwisho," Emori alimwambia mkewe, Kelera, siku ya kwanza ya mazoezi, huku akijifunga bandeji. "Tukipanda, nacheza msimu mmoja ligi kuu, nastaafu kama mtu. Tusipopanda, nastaafu hivi hivi."

"Baba Sera," Kelera akajibu bila kugeuka jikoni, "mwaka jana ulistaafu. Mwaka juzi ulistaafu. Mimi nimeolewa na mstaafu anayenuka dawa ya kuchua."

Emori akakaza bandeji. Lakini safari hii hakuwa anatania. Daktari wa zahanati alishalishika lile goti, akalikunja, akalisikiliza, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa pikipiki ya marehemu. Msimu mmoja, labda miwili. Hesabu ikawa nyepesi: mwaka huu wapande, au Emori afe bila kukanyaga nyasi za ligi kuu hata kwa dakika moja.

Kocha alikuwa Masta Shalendra, mwalimu wa hisabati wa sekondari ya mjini, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni na chaki mfukoni. Kwake mpira ulikuwa hesabu na mambo mengine yote yalikuwa kelele. Timu nane, mechi kumi na nne, anayepanda mmoja. Aliandika hivyo ubaoni siku ya kwanza, akapiga mstari chini yake mara mbili, akawaambia wakimbie.

Walianza vizuri. Mechi tatu, ushindi mara mbili na sare moja. Halafu ikaja mechi ya nne, ugenini Nakorowai, na hapo ndipo hesabu za Masta zilipokutana na kitu kisichofundishwa sekondari.

Nakorowai ni watani wa kijiji cha Emori. Si watani wa juzi. Ni watani tangu enzi za mizimu, ambayo inasemekana ilikuwa ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya samaki, wakapatana, wakakubaliana kwamba wajukuu zao watatukanana milele bila kukasirika. Na si matusi tu. Mtani akikuomba kitu, unatoa. Akitaka shati lako, unalivua. Akimpenda mbuzi wako, unamfungia kamba nzuri ya kwendea. Na wewe ukimwomba yeye, hali ni hiyo hiyo. Katika timu nzima ya Vunisei, aliyetoka kijiji kile alikuwa Emori peke yake. Wengine walikuwa watu wa mjini na wa mashambani, akina Dharmendra na Zoheb, ambao babu zao walikuja na meli kukata miwa na hawakuja na watani wowote.

Kwa kuwa Nakorowai iko ng'ambo ya milima, timu ilifika Ijumaa mchana, ndani ya lori la turubai, matako yamekufa ganzi. Wa kwanza kuwapokea alikuwa Waisake, kipa wa Nakorowai, mpana kama mlango wa kanisa.

"Mmemleta nani huyu?" akauliza, akimnyooshea Emori kidole. "Anakuja kucheza au anatafuta pa kuzikwa?"

"Nimekuja kukuona, mtani," Emori akasema akiteremka polepole. "Niliambiwa umenenepa mpaka goli limekubana."

Wakakumbatiana kwa vicheko. Halafu Waisake akaweka mkono begani mwake, akasema kwa upole kama anayemwombea mgonjwa: "Mtani, naomba ukae nasi kidogo. Bakuli moja tu la kava."

Moja likaja, maji ya mizizi iliyotwangwa, rangi ya tope. La pili Waisake aliomba alinywe kwa heshima ya babu yake. La tatu, bibi yake. La nne, mjomba aliyeko ng'ambo. Walipomaliza ukoo wakaingia kwenye mifugo. Kila bakuli linaombwa kwa adabu, kila bakuli linapigiwa makofi, na Emori hana pa kupitia. Kava haileweshi kama pombe. Kichwa kinabaki kizima kabisa, kinaona kila kitu. Miguu ndiyo inayokwenda likizo.

Jumamosi Vunisei ilifungwa tatu bila. Emori aliiona mipira yote vizuri sana ikimpita. Mara moja alipewa pasi akiwa peke yake na goli, akauangalia mpira, mpira ukamwangalia, beki akaja akauchukua bila haraka, kama mtu anayeokota mwavuli wake.

Hata hivyo, hakuondoka mikono mitupu. Kabla ya lori kuwaka alimwomba Waisake jogoo wake, jogoo mwekundu aliyekuwa akisifika kijiji kizima. Waisake alimbeba mwenyewe mpaka kwenye lori, akampapasa kichwani, akamkabidhi. Walimla njiani kwa mchuzi wa bizari. Masta Shalendra hakula.

Jumatatu mazoezini Masta alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Ngoja nielewe. Mtu anakuja anasema nipe, na wewe unatoa."

"Ni mtani, Masta."

"Na usipotoa?"

Wachezaji wa mjini nao walitaka kujua. Emori akashusha pumzi. "Kijijini kwetu kulikuwa na mzee mmoja, Penaia. Mwaka wa mafuriko alimnyima mtani koti la mvua. Mara moja tu. Mzee mwenyewe alishakufa, lakini wajukuu zake wanaitwa Makoti. Mmoja amekuwa mchungaji. Mchungaji Koti. Akipanda madhabahuni Nakorowai wanaanza kuangalia juu kama kuna mawingu."

Dharmendra alicheka mpaka akakaa chini. Dharmendra ndiye aliyekuwa beki wa kulia, dereva wa lori la miwa, jirani wa Emori, mtu mwenye mguu wa kulia wenye nguvu za winchi na adabu za winchi. Mpira alioupiga yeye ulikuwa hautui uwanjani. Ulikuwa unatua shambani kwa watu.

"Kwa hiyo wewe ukimnyima," alisema akifuta machozi, "Sera wako ataitwa Mtoto wa nini?"

"Inategemea nimemnyima nini," Emori akasema. Hakuwa anacheka.

Kuanzia hapo msimu ulishika moto. Kipigo cha Nakorowai kilikuwa kimewakera, na timu iliyokereka hukimbia. Walishinda nyumbani mbili mfululizo kwenye matope. Walikwenda kisiwani Dalovo, ambako kona moja ya uwanja huingia maji bahari ikijaa na wenyeji huchagua upande kwa kufuata bamvua. Masta alikaa na jedwali la maji siku tatu, akamwambia Emori, nahodha wake, ashinde kura achague kusini, na kipindi cha pili mabeki wa Dalovo wakawa wanacheza ndani ya maji ya kifundo, na samaki mmoja mdogo akiwa ameotea. Mbili bila. Wakafika mechi ya tisa wamechelewa kwa sababu treni ya miwa iliharibika ikiwa imekatiza barabara mbele yao, mabehewa sitini yamesimama kama ukuta; wakashuka wote kumi na wanane, wakapita chini ya mabehewa na mabegi yao, wakakimbia kilomita mbili mpaka uwanjani, wakaanza mechi miili ikiwa moto tayari na kufunga bao dakika ya kwanza.

Emori alikuwa akifunga kila wiki. Kwa kichwa, kwa bega, kwa ugoko. Tatizo lilikuwa nyuma. Golini alikuwapo Zoheb, fundi magari wa miaka arobaini na moja, mtu mwema, mikono mizuri, lakini kuruka alikuwa ameacha zamani. Alikuwa anausindikiza mpira kwa macho na kuulaumu. Vunisei ikawa inashinda tatu kwa mbili, nne kwa tatu, na watazamaji wanakwenda nyumbani sauti zimekauka.

Nakorowai nao hawakulala. Wiki ya mwisho ilipofika, baada ya mechi kumi na tatu, jedwali lilisoma hivi: Nakorowai pointi ishirini na tisa, Vunisei ishirini na nane. Mechi ya mwisho, Vunisei na Nakorowai, uwanja wa Vunisei. Watani wakipata sare wamepanda. Vunisei lazima ishinde.

Mji haukulala vizuri wiki ile. Kiwanda cha sukari kilibadilisha zamu. Duka la vitambaa liliishiwa kijani, rangi ya timu. Masta Shalendra alikaa na tatizo lake kama anavyokaa na hesabu ngumu, na Ijumaa akaja na jibu: pamba.

"Asiyesikia hajakataa," alimwambia Emori, akimpa vipande viwili vilivyosokotwa vizuri. "Masikioni, toka unapoamka mpaka filimbi ya mwisho. Anaomba, wewe husikii. Hujamnyima mtu."

Emori alilipeleka wazo lile kwa Kelera. Kelera akafikiri, akasema katika mila zote alizofundishwa na mama mkwe hajawahi kusikia kifungu cha pamba, wala cha kuikataza.

Basi Jumamosi Emori aliingia uwanjani kiziwi. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya malori ya miwa. Alikuwa anawaona wanapanua midomo, lakini kwake ilikuwa kama mvua ya mbali. Wakati wa kurusha sarafu, Waisake, ambaye ndiye nahodha wa wenzake, alimsogelea akaongea kwa urefu, akitabasamu. Emori akatabasamu naye.

"Usitikise kichwa, ataona umemjibu," Dharmendra alimnong'oneza, kisha akakumbuka, akaja kumshika kichwa kwa mikono miwili ili kisitikisike.

Mpira ukaanza. Dakika ya kumi na tisa Emori alipokea pasi ndefu, akageuka, akamwacha beki wa kwanza, akamwacha wa pili, akaona goli limemfungukia. Alishangaa kidogo kwamba Waisake amesimama ameshika kiuno, lakini mshambuliaji hapewi nafasi halafu akauliza maswali. Akaupiga kwenye kona ya juu, bao la maisha yake, akakimbia mpaka kwenye kibendera, akavua jezi, akapiga magoti, akainua mikono yake mbinguni.

Hakuna aliyemfuata. Alipogeuka aliona wachezaji ishirini na mmoja wamesimama wanamtazama, kibendera cha kuotea kimenyooshwa tangu zamani, na watu juu ya malori wameegemeana kwa kicheko. Mwamuzi alimfikia akihema, akamwonyesha kadi ya njano.

Ikawa hivyo kipindi chote. Wenzake wanamwita, hasikii. Masta anapiga kelele "nyuma yako," beki anamnyang'anya. Mara mbili alirusha mpira uliokuwa si wake. Walikwenda mapumziko bila bila, ambayo kwa Nakorowai ilikuwa sawa na kupanda.

Masta Shalendra alimkalisha Emori kwenye benchi, akamwinamisha kichwa, akamng'oa pamba zote mbili kama anayeng'oa visiki.

"Lakini ni wewe Masta uliye—"

"Nilikosea hesabu," Masta akasema. "Nenda ukacheze mpira. Huyo mnene ukimwona anakuja, kimbia."

Kipindi cha pili Vunisei waliingia kama watu waliofunguliwa kamba. Sasa Emori alisikia kila kitu: malori yanayopigwa mabati kwa viganja, akina mama wanaoimba, Waisake anayemtukana bila kupumzika toka golini. "Mzee, mgongo huo umeukodi wapi?" Emori alipiga kichwa, Waisake akapangua. Alipiga shuti la chini, Waisake akalilalia. Hakuna aliyejua mwili mkubwa vile unapata wapi ruhusa ya kuruka. Upande wa pili Zoheb aliokoa moja kwa uso, akakaa chini, akauliza yeye anaitwa nani, akaendelea. Dakika ya sabini, bila bila. Dakika ya themanini, bila bila. Emori alianza kuona ligi kuu inaondoka kama lori analolikimbilia, mkono umeshagusa bodi, lori linabadilisha gia.

Dakika ya themanini na saba Dharmendra aliupiga mpira kwa nguvu zake za siku zote, ila safari hii upepo ulikuwa wa mbele. Mpira ukaenda juu, ukasita, ukarudi kuangukia ndani ya kumi na nane za Nakorowai. Emori akautuliza kwa kifua. Beki akaja na miguu yote miwili. Emori akaenda chini kama mua.

Filimbi. Penalti.

Uwanja ulipasuka. Kuna mtu alianguka toka juu ya lori, akainuka, akapanda tena. Emori alijiinua, akachukua mpira, akaupangusa tumboni. Penalti kwake ilikuwa kazi ya kawaida. Msimu huu alikuwa amepiga sita, zote ndani. Aliuweka kwenye alama, akarudi hatua nne, akainua macho.

Waisake alikuwa ameacha goli lake. Alikuwa anakuja, taratibu, amevua glavu, ameziweka kwapani kama mtu anayekwenda kuhani msiba.

Emori alikumbuka maagizo: kimbia. Lakini unakimbiaje penalti yako mwenyewe?

"Mtani," Waisake akasema.

"Rudi golini, Waisake."

"Leo sijakuomba kitu."

"Umenitukana dakika themanini na saba."

"Hayo yalikuwa mazungumzo." Waisake akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, na sauti yake ikawa ile ya adabu, ile ya bakuli. "Mtani wangu, mbele ya watu wote hawa, naomba. Nipe penalti hii."

Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza, halafu ukimya ukasambaa mpaka kwenye malori. Mwamuzi alikuwa mtu wa visiwa vya mashariki, naye ana watani wake, na alijua mambo mengine hayana kadi. Alisogea pembeni, akasimamisha saa. Kwenye benchi, Masta Shalendra alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe.

Emori alitazama jukwaani. Upande wa kushoto walikaa watu wa kijiji chake, safu mbili, baba zake wadogo na shangazi zake, na hakuna aliyempungia mkono. Walikuwa wanasubiri tu. Miaka kumi na saba ilikuwa imekaa pale kwenye alama nyeupe, hatua kumi na mbili toka golini. Akimnyima, anafunga, anapanda, na Sera anazeeka akiitwa Mama Penalti, na watoto wa Sera baada yake. Akimpa, kesho anatundika viatu.

Akainama akauokota mpira.

"Imekuwa yako, mtani," akasema. "Mimi siipigi."

Mashabiki wa Nakorowai walilipuka kwa makofi, yale ya heshima, ya viganja vilivyokunjwa. Masta Shalendra alikaa chini kwenye nyasi. Waisake mwenyewe alikuwa na machozi. Alikuwa ameshafungua mikono kumkumbatia, wakati Emori alipogeuka akawatazama wenzake.

"Nani anapiga?"

"Ngoja," Waisake akasema. "Ngoja, ngoja, ngoja."

"Umeniomba mimi, nimekupa kilicho changu. Timu si yangu, mtani. Hawa hawana watani."

Waisake alimtazama mwamuzi. Mwamuzi akafikiri, akakubali kwa kichwa. Waisake akamtazama Emori tena, na kicheko kikaanza kumpanda toka tumboni. "Haya, mwizi wewe. Nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Wachezaji wa Vunisei, waliokuwa wakipiga kelele za penalti dakika mbili nyuma, wote walikuwa wamepata kitu cha kutazama chini. Mmoja alikuwa anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Aliyechelewa kuinama alikuwa Dharmendra, kwa sababu alikuwa anamtafuta mkewe kwenye umati.

"Kaka, mimi?" akasema mpira ulipomfikia mikononi. "Mimi sijawahi."

"Piga kama unavyopiga siku zote."

"Siku zote napiga shambani kwa watu."

"Basi leo piga chini. Pale anaposimama yule mnene, wewe lenga miguu yake. Atakuwa ameshahama."

Dharmendra aliuweka mpira, akaubusu, akauweka tena. Alirudi nyuma mbali sana, mpaka watu wakadhani ameondoka. Emori alisimama mstarini, nje ya kumi na nane, katikati ya mabeki wawili waliokuwa wakimkanyaga vidole. Filimbi ikalia.

Alikuja kama lori lililokatika breki. Akaupiga chini, katikati, na Waisake kweli alikuwa ameshahama, amejirusha kulia, mwili wote hewani. Lakini mtu mpana vile hahami wote kwa pamoja. Kisigino kilibaki. Mpira ukagonga kisigino, ukaruka juu, ukarudi uwanjani ukidunda.

Emori alikuwa ameshaondoka. Hakujua ameondoka saa ngapi. Aliwasikia mabeki wanahema nyuma yake, aliona Waisake anajiinua kwa viwiko, aliona mpira unadunda mara ya pili, juu mno kwa mguu, chini mno kwa kichwa. Akaenda nao kwa tumbo. Mpira, tumbo na Emori mzima vikaingia golini pamoja, na nyavu zikamfunga kama samaki.

Moja bila.

Walimtoa kwenye nyavu kwa vipande. Alisikia mlio ambao hajawahi kuusikia katika misimu kumi na saba, na chini ya mlio huo sauti ya Waisake ikimfuata mwamuzi mpaka katikati ya uwanja.

"Nilimwomba. Watu wote wamesikia nilimwomba."

"Uliomba penalti," mwamuzi akasema bila kusimama. "Ukapewa. Ukaiokoa, tena vizuri. Huo mpira wa pili ulikuwa wa watu wote."

Ziliongezwa dakika sita, tano kati yake zikiwa za mila. Nakorowai wote walipanda mbele, pamoja na Waisake mwenyewe, aliyepiga kichwa kikapita sentimita moja juu ya mwamba wakati Zoheb akikisindikiza kwa macho. Halafu mwamuzi akaangalia saa mara ya mwisho.

Watu waliingia uwanjani toka pande zote. Walimbeba Dharmendra, aliyekosa penalti, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Masta Shalendra alikuwa anazunguka peke yake na chaki mkononi, anatafuta pa kuandika. Mzee mmoja wa kijijini kwa Emori, baba yake mdogo, alipita akampiga kofi moja la shingoni, la upendo. Emori akajua hatapewa jina baya. Akajua pia kwamba amepanda. Yeye na goti lake. Ligi kuu. Akabaki anacheka.

Waisake alikuwa amekaa mbele ya goli, miguu ameinyoosha. Emori akaenda akakaa naye.

"Mtani, umeniua," Waisake akasema.

"Kidogo."

"Mimi nina thelathini na tatu. Nadhani ndiyo basi tena."

Emori alikuwa anamtazama Zoheb, ambaye alikuwa anajaribu kuruka kushangilia na nyayo zake hazikuwa zikiachana na ardhi. Alifikiria washambuliaji wa ligi kuu, wale wa redioni. Halafu akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya adabu:

"Mtani wangu, mbele ya watu wote hawa, naomba. Nipe kipa."

"Kipa gani?"

"Huyu hapa aliyekaa."

Kocha wa Nakorowai, aliyekuwa anakuja kumwinua kipa wake, aliyasikia maneno ya mwisho, akavua kofia, akaitupa chini, akaikanyaga. Lakini hakupinga, kwa kuwa naye ni mtu wa Nakorowai.

"Unanitania," Waisake akasema.

"Ndiyo kazi yangu. Jibu."

Waisake akazitazama glavu zake. Alipoinua uso ulikuwa umejaa kicheko mpaka masikioni.

"Mazoezi lini?"

"Jumanne."

"Nakuja Jumatatu. Ila nakwambia mapema, mimi nakula."

"Najua."

"Na mama naye anakuja."

"Mama yako sikumwomba, Waisake."

"Ah, yeye huwa haombwi," Waisake akasema, akimpa Emori mkono ili wavutane wainuke.